Neno, Nyota na Sauti: Uhakiki wa Lugha ya Uhamasishaji wa Uzazi wa Mpango Tanzania kwa Jicho la Mchikichini, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha na usanii uliotumika kujenga ukubali wa uzazi wa mpango nchini Tanzania, kuanzia kuundwa kwa chama cha kwanza cha uzazi mwaka 1959 hadi mjadala uliozuka mwaka 2018. Matini zilizochunguzwa ni tatu: istilahi za huduma yenyewe, tamthiliya ya redio iitwayo Twende na Wakati, na nembo ya Nyota ya Kijani. Matini hizo zinasomwa kwa kuzingatia hadhira ya mjini, hususani kata ya Mchikichini iliyo jirani na soko la Kariakoo. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Upokezi, makala yanadai kwamba uhamasishaji ulifanikiwa pale ulipompa msikilizaji maneno ya kutumia nyumbani mwake, na ulidhoofika pale ulipomuuzia mafanikio badala ya kumweleza uhai na afya ya mama na mtoto.

1.0 Utangulizi

Uzazi wa mpango kwa kawaida huchunguzwa na wataalamu wa afya, takwimu na demografia. Mhakiki wa fasihi na lugha ameachiwa nafasi ndogo, ingawa kila hatua ya huduma hii imepitia mikononi mwa msanii wa maneno: aliyeipa huduma jina, aliyetunga mchezo wa redio, aliyechora nembo, na aliyesimama jukwaani kuiunga mkono au kuipinga. Kama huduma haikukubalika, sehemu ya sababu imo katika maneno hayo.

Takwimu zinaonesha kwamba suala hili bado halijafungwa. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za hali ya afya na idadi ya watu, wanawake walioolewa waliotumia njia za kisasa walikuwa takribani asilimia 7 mwaka 1991/92, asilimia 20 mwaka 2004/05, asilimia 27 mwaka 2010 na asilimia 32 mwaka 2015/16. Mwaka 2022 kiwango kilikuwa asilimia 31. Kwa hiyo, baada ya kupanda kwa zaidi ya miaka ishirini, mstari umelala. Katika mkutano uliofanyika London mwaka 2012, Tanzania iliahidi kufikia asilimia 60 ifikapo mwaka 2015. Lengo hilo halikufikiwa. Wakati huohuo, takribani mwanamke mmoja kati ya watano walioolewa anataka kuahirisha au kusitisha uzazi lakini hatumii njia yoyote. Mwanamke huyo ndiye msikilizaji ambaye ujumbe ulimfika sikioni bila kumvusha.

Mchikichini imechaguliwa kuwa mahali pa kuzitazamia matini hizi kwa sababu mbili. Kwanza, ni kata ya wasikilizaji waliokaa karibu na chanzo cha sauti. Studio za Redio Tanzania Dar es Salaam zilikuwa katika jiji hilohilo, na huduma za afya za Ilala haziko mbali. Hapa haiwezi kudaiwa kwamba watu walikataa kwa sababu hawakufikiwa. Pili, ni mahali pa biashara ya maneno. Kuanzia soko la mitumba la Mchikichini na jengo la Machinga Complex hadi mitaa ya Kariakoo, muuzaji hunadi kwa mdomo na kwa kipaza sauti, na mnunuzi hujifunza mapema kutenganisha sifa za bidhaa na bidhaa yenyewe. Ujumbe wa uhamasishaji unaofika hapa unakutana na sikio lililokwishazoea kunadiwa.

2.0 Kiunzi cha Nadharia

Uhakiki huu unaongozwa na Nadharia ya Upokezi kama ilivyojengwa na Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser. Jauss anasisitiza kwamba hadhira huipokea kazi kwa kupitia upeo wa matarajio, yaani mkusanyiko wa kaida, kumbukumbu na maneno ambayo hadhira tayari inayo. Iser anaongeza kwamba matini huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza mwenyewe. Mihimili hiyo miwili inafaa kwa sababu wahamasishaji wengi walichukulia kwamba maana imo ndani ya ujumbe na kazi yao ni kuufikisha. Nadharia hii inaelekeza swali upande wa pili: msikilizaji alikuwa na maneno gani kabla ya ujumbe kufika, na alijaza nini mahali ambapo ujumbe ulinyamaza?

3.0 Istilahi: Kutoka Malezi Bora hadi Mpango

Chama cha kwanza cha uzazi kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, na baadaye kikawa chama cha kitaifa kinachojulikana kama UMATI, yaani Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania. Jina hilo linastahili kuhakikiwa kama matini. Halitaji kupunguza, kuzuia wala kupanga. Linaweka uzazi na malezi bega kwa bega, na kivumishi “bora” kimeegemea malezi. Msikilizaji haambiwi azae wachache. Anaulizwa atawalea vipi aliowazaa. Mwalimu Julius Nyerere alifuata mkondo huohuo mwaka 1969 alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano: hoja yake ilikuwa kwamba kuzaa ni jambo ambalo binadamu anashiriki na wanyama, ilhali kulea na kusomesha kwa miaka mingi ni wajibu wa binadamu peke yake. Hoja hiyo haikumpokonya mzazi heshima ya uzazi. Iliiongezea heshima hiyo wajibu.

Istilahi iliyokuja kutawala, “uzazi wa mpango”, ina mzigo tofauti. Neno “mpango” katika Kiswahili cha Tanzania lilikua pamoja na serikali: mipango ya miaka mitano, Tume ya Mipango, mpango wa kuhamia vijijini. Msikilizaji aliyepitia miaka ya 1970 alijua kwamba mpango hutoka juu na kwamba yeye ni mtekelezaji. Kirai “wa mpango” kinaacha pengo la kisarufi: hakisemi mpango ni wa nani. Laiti istilahi ingekuwa “kupanga uzazi”, kitenzi kingedai mtendaji, na mtendaji angekuwa mume na mke. Kwa kuwa imebaki nomino, msikilizaji amelijaza pengo kwa mujibu wa historia yake, na mara nyingi mwenye mpango huonekana kuwa serikali, mfadhili au mzungu. Mitaani, neno hilo limechafuka zaidi kwa kirai “mpango wa kando”, kinachomaanisha hawara. Mzaha wa kijiweni unaweza kuivunja istilahi ya wizara kwa sentensi moja.

Hali ni nzito zaidi katika “kufunga kizazi”, kirai kinachotumika kwa upasuaji wa kumaliza uwezo wa kuzaa. “Kizazi” ni kiungo cha mwanamke, lakini pia ni ukoo unaoendelea: kizazi cha kwanza, kizazi cha pili, kizazi chetu. Mtoa huduma anazungumzia kiungo. Bibi aliyeketi barazani anasikia ukoo unafungwa. Hofu inayotokana na kirai hicho isihesabiwe kuwa ujinga wa msikilizaji, kwa kuwa ni usomaji sahihi wa neno lenye maana mbili ambalo mwandishi wa ujumbe alilisoma kwa maana moja.

Kinyume chake, wasemaji wenyewe wamezipa njia hizi majina yasiyotisha. Kile ambacho mabango huita vipandikizi, mtaani ni “vijiti”. Kifaa cha ndani ya mji wa mimba ni “kitanzi” au “lupu”. Nyingine ni “sindano” na “vidonge” tu. Majina haya ni ya vitu vinavyoonekana na kushikika, na hayana ahadi wala itikadi. Katika utafiti wa mwaka 2015/16 sindano ndiyo njia ya kisasa iliyotumiwa zaidi na wanawake walioolewa. Katika ule wa mwaka 2022 vijiti vilikuwa vimeishika nafasi hiyo. Ni dai la makala haya kwamba ukubali wa mtaani ulitembea na majina ya vitu, huku mashaka yakibaki katika jina la sera.

4.0 Twende na Wakati: Usanii wa Mfano

Tamthiliya ya Twende na Wakati ilianza kurushwa na Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993. Ilitungwa kwa mbinu iliyobuniwa na Miguel Sabido nchini Mexico katika miaka ya 1970, ambayo ilitegemea nadharia ya Albert Bandura ya kujifunza kwa kuiga. Afrika Mashariki ilikuwa imekwishaijaribu mbinu hiyo: nchini Kenya, tamthiliya ya redio Ushikwapo Shikamana ilianza mwaka 1987. Mbinu inadai aina tatu za wahusika: wa kuigwa, wa kuepukwa, na wa mpito ambaye husitasita kati ya pande mbili kabla ya kubadilika.

Uteuzi wa majina unaonesha kwamba watunzi waliufahamu upeo wa matarajio wa hadhira yao. Mhusika wa kuepukwa ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi safarini. Mkwaju ni mti wa matunda makali, na ufito wake ni wa kuchapia. Jina linabeba ukali na adhabu kabla mhusika hajazungumza. Mkewe ni Tunu, jina la kitu cha thamani ambacho mwenyewe hajui kukitunza. Ndiye mhusika wa mpito. Wa kuigwa ni Fundi Mitindo, mshonaji nguo, na mkewe Mama Waridi. Katika jina la Fundi Mitindo, maendeleo yanavishwa vazi la ufundi: kwenda na wakati ni kama kushona kwa mtindo mpya kwa vipimo vya mwenye nguo. Mama Waridi naye anaitwa kwa jina la mwanawe kama wanavyoitwa akina mama wengi wa Pwani. Jina lake linajibu hofu ambayo mabango hayakuwahi kuigusa: mwanamke anayepanga uzazi hapotezi umama wake. Bado ni mama fulani, na mtaa mzima unamwita hivyo.

Ukiisikiliza tamthiliya hii ukiwa Mchikichini, jiografia yake si ngeni. Mafundi cherehani na madereva wa malori ni watu wa Kariakoo na viunga vyake; malori hushusha mizigo usiku, na cherehani hulia mchana kutwa. Mgongano wa Mkwaju na Fundi Mitindo ni mgongano wa riziki mbili ambazo msikilizaji anaziona kila siku: moja inayomweka mwanamume mbali na nyumba, na nyingine inayomweka karibu nayo.

Mafanikio makubwa ya tamthiliya hii, kwa mtazamo wa kihakiki, yamo katika umbo la majibizano. Matini za afya kwa kawaida ni kauli ya upande mmoja: mtaalamu anasema, mwananchi anasikiliza. Tamthiliya iliwapa wasikilizaji mume na mke wanaozungumza, wanaokatizana, wanaonuniana na kupatana. Utafiti wa Everett Rogers, Peter Vaughan na wenzao, uliochapishwa mwaka 1999, ulilinganisha maeneo yaliyosikia matangazo na eneo la Dodoma, ambako tamthiliya haikurushwa kati ya mwaka 1993 na 1995. Miongoni mwa matokeo yake ni kwamba mazungumzo kati ya wenzi kuhusu uzazi yaliongezeka pamoja na matumizi ya njia za kisasa. Kwa lugha ya Iser, pengo lililoachwa na tamthiliya lilikuwa ukimya wa chumba cha kulala, na wasikilizaji walilijaza kwa maneno waliyoazima kwa Fundi Mitindo na Mama Waridi.

Hata hivyo, sifa hizo zisifunike udhaifu. Tamthiliya ilibeba kwa pamoja ujumbe wa uzazi wa mpango na ule wa UKIMWI, na Mkwaju anaadhibiwa kwa maradhi. Kwa kuunganisha uzazi usiopangwa, uzinzi na kifo katika mwili mmoja, hadithi ilimfanya baba wa watoto wengi aonekane mwovu. Baba mwaminifu wa watoto wanane, ambaye halewi wala hana hawara, hakupata mahali pa kujiona. Hawezi kuwa Mkwaju, wala bado si Fundi Mitindo. Msikilizaji wa namna hiyo yupo katika kila msikiti na kila parokia ya Ilala, na hoja zake ni za imani. Mkatoliki anaweza kuutaja waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968. Mwislamu anaweza kurejea mjadala wa wanazuoni kuhusu azli, ambao wengi wao waliiruhusu kwa masharti. Wahusika wa aina tatu za Sabido hawatoshi kumbeba mtu anayekataa kwa dhamiri, wala yule anayekubali kwa dhamiri.

5.0 Nyota ya Kijani: Nembo na Mafanikio

Nembo ya Nyota ya Kijani ilianza kutumika katika miaka ya 1990 kuonesha mahali huduma inapopatikana, na ikafufuliwa katika miaka ya 2010 kwa mwito wa kuifuata. Katika kazi yake ya kwanza nembo ilikuwa ishara ya mahali: mlangoni pa zahanati, ilimwambia asiyejua kusoma kwamba hapa pana huduma. Ishara ya namna hiyo ni adilifu, kwa sababu inachosema kinaweza kuthibitishwa kwa kuingia ndani.

Katika kazi yake ya pili nembo iligeuka sitiari. Nyota ya kufuatwa ni nyota ya msafiri, na mwisho wa safari ni mafanikio: familia ndogo, nguo safi, watoto wanaosoma, biashara inayokua. Hapa upeo wa matarajio wa Kariakoo unaingia kwa nguvu. Katika Kiswahili nyota ni bahati ya mtu. Methali inasema nyota njema huonekana asubuhi, na kwenye nguzo za umeme za jiji matangazo ya waganga huahidi kusafisha nyota, kurudisha mpenzi na kuvuta wateja. Bango la wizara linaloahidi mafanikio kwa njia ya nyota linaanza kusomwa katika safu moja na matangazo hayo. Mchuuzi anayejua kwamba biashara yake ilikwama kwa mtaji, kodi au moto, ana haki ya kushangaa akiambiwa kwamba kilichomkwamisha ni idadi ya watoto.

Udhaifu wa sitiari hiyo ulidhihirika Septemba 2018. Akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais John Magufuli aliukosoa uzazi wa mpango na kuunasibisha na uvivu wa watu wasiotaka kufanya kazi ya kulisha watoto wao. Katika mwezi huohuo, barua ya Wizara ya Afya ililitaka shirika la FHI 360 kusitisha matangazo yake ya uzazi wa mpango katika redio na televisheni. Mhakiki hana mamlaka ya kudai kwamba hotuba moja ndiyo iliyoulaza mstari wa takwimu kati ya mwaka 2015/16 na 2022. Sababu ni nyingi. Anachoweza kuhakiki ni namna hotuba ilivyofanya kazi kama matini.

Hotuba ilipata nguvu kwa sababu ilichukua msamiati wa kampeni yenyewe. Kampeni ilikuwa imesema: zaa kwa mpango upate mafanikio. Hotuba ikajibu: mafanikio huletwa na kazi, shamba na bidii. Kwa msikilizaji aliyelelewa katika fasihi ya kujitegemea, iliyotukuza jembe na kumdharau mvivu, jibu hilo lilikuwa na mizizi mirefu kuliko nyota. Kwa kuwa kampeni ilijenga hoja yake juu ya uchumi wa kaya, ilibaki bila la kusema pale hoja ya uchumi ilipogeuzwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Hata tarakimu hizo zinaweza kusomwa pande mbili: mzigo kwa mmoja, nguvukazi kwa mwingine.

Hoja ambayo isingegeuzwa kirahisi ni ile ya uhai. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Nafasi kati ya mimba moja na nyingine, umri wa mama na idadi ya mimba alizobeba ni sehemu ya habari hiyo. Bidii ya shambani haimzuii mama kuvuja damu anapojifungua mimba ya nane. Hoja hii ilikuwamo katika jina la UMATI na katika kauli ya mwaka 1969 kwa umbo la malezi. Mabango ya mafanikio yaliiweka pembeni.

6.0 Majadiliano

Matini tatu zilizohakikiwa zinaelekeza kwenye jambo moja. Ukubali hujengwa katika mazungumzo ya watu wanaojuana, na kazi ya mawasiliano ya umma ni kuwapa maneno yanayoweza kusemwa bila aibu wala uadui. “Malezi bora” lilikuwa neno la namna hiyo; mwanamke angeweza kulitamka mbele ya mama mkwe. “Vijiti” ni neno la namna hiyo. Linasemeka saluni na sokoni. Majibizano ya Fundi Mitindo na Mama Waridi yalikuwa kielelezo cha namna hiyo. “Fuata Nyota ya Kijani” halikuwa. Mke hawezi kumwambia mumewe usiku afuate nyota. Mwito huo unafaa ukutani tu.

Ipo hoja pinzani ambayo uhakiki huu hauna budi kuikabili. Inaweza kusemwa kwamba wanawake wengi hutumia njia hizi kwa siri, kwa hiyo maneno ya kuzungumza na mume si hitaji lao. Wanachohitaji ni huduma isiyouliza maswali. Hoja hiyo ina uzito, na ni kosa kumfanya mume kuwa mlango wa lazima wa afya ya mke. Hata hivyo, siri nayo ina lugha yake. Anayetumia kwa siri huhitaji jirani, shoga au muuguzi wa kumweleza kwamba hedhi imebadilika na kumuuliza kama hilo ni la kawaida. Pale matangazo yanaponyamaza kuhusu maudhi madogomadogo ya njia hizi, pengo hujazwa na uvumi wa utasa na saratani. Matini za mafanikio zilikuwa kimya zaidi hapo ambapo msikilizaji alikuwa na swali zaidi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba historia ya uhamasishaji wa uzazi wa mpango nchini Tanzania ni pia historia ya maneno yaliyochaguliwa vizuri na mengine yaliyochaguliwa vibaya. Istilahi ya “mpango” iliacha wazi swali la mwenye mpango. “Kufunga kizazi” kulibeba tishio ambalo halikukusudiwa. Twende na Wakati iliwapa wenzi mfano wa mazungumzo lakini ikamwacha nje mzazi mwadilifu mwenye watoto wengi. Nyota ya Kijani iliongoza vema mlangoni pa zahanati na ikapotea ilipopanda kuwa ahadi ya mafanikio.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, wanaisimu na wahakiki wa fasihi washirikishwe tangu ujumbe unapotungwa, badala ya kuitwa kutafsiri matini iliyokwishaandikwa kwa lugha nyingine. Pili, tamthiliya zijazo zibuni wahusika wanaokataa au kukubali kwa misingi ya imani bila kuwaadhibu. Tatu, hoja ya afya ya mama na malezi ya mtoto irejeshwe mbele, na maudhi ya kila njia yaelezwe kwa majina yanayotumiwa na wasemaji wenyewe. Mwanamke wa Mchikichini anayefunga mzigo wake wa mitumba jioni amekwishasikia sifa za bidhaa nyingi kwa siku hiyo. Huduma inayotaka kuaminiwa naye haina budi kumwambia pia kasoro zake.